Kutoka Chumbe hadi Kigomasha: safari ya kuifuata minara ya taa

Jumamosi, Forodhani

Mnara wa kwanza katika orodha yangu haupo. Ulisimama hapa hapa Forodhani, mbele ya Beit al-Ajaib, mahali ambapo leo jioni vijana wanapindua mishikaki na kukamua miwa. Sultani Barghash bin Said alipolijenga jumba hilo mwaka 1883, jumba la kwanza Zanzibar kuwashwa umeme, ufukweni mbele yake kulikuwa na mnara mrefu wenye taa za kuongoza vyombo vinavyoingia bandarini usiku. Mabaharia wa Kizungu waliokuwa nangani wakiutazama ukimetameta waliutania kwa kuuita mti wa Krismasi wa Sultani. Katika picha za zamani unaonekana umelizidi urefu karibu kila jengo la pwani.

Ulidumu miaka michache tu. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki, na Khalid bin Barghash akaingia kasri bila ridhaa ya Waingereza. Wakampa hadi saa 3 asubuhi ya tarehe 27 awe ametoka. Hakutoka. Manowari zikafyatua mizinga kwa muda usiofika saa moja, Beit al-Hukm, jumba la kifalme la jirani, ikabomoka, mnara wa taa ukaharibika vibaya, na meli ya Sultani, Glasgow, ikazama pale pale bandarini. Khalid alikimbilia ubalozi wa Wajerumani. Milingoti ya Glasgow iliendelea kuchomoza majini hadi mwaka 1912 ilipoondolewa, maana yake watoto wa Mji Mkongwe wa zama zile walikua wakiiona kila siku wakienda kuoga baharini. Beit al-Ajaib ilipofanyiwa matengenezo ilipewa mnara wa saa kwenye uso wake, na huo ndio watu wa rika langu tuliuzoea, mpaka tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jumba ilipoporomoka na kuua watu wawili. Leo naliona limezungushiwa mabati na jukwaa za mafundi.

Glasgow yenyewe ilizaliwa na msiba mwingine wa bahari. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuvunja vyombo vya Sultani vilivyokuwa bandarini, kikang'oa na mikarafuu ya kisiwa karibu yote. Pemba ilisalimika, ndiyo maana hadi leo ukisema karafuu unasema Pemba. Barghash akaagiza meli mpya kutoka Scotland. Mtu akitaka kuandika historia ya Zanzibar kwa kufuata meli zilizozama tu, atapata kitabu kizima.

Nilikulia Tanga, ambako taa ya Ulenge ilikuwa kitu cha kutazama tukiwa hatuna cha kufanya. Nimeipanga safari hii kuanzia kusini kwenda kaskazini: Chumbe, Nungwi, kisha kuvuka hadi Ras Kigomasha, ncha ya juu ya Pemba. Meli zilizowekewa taa hizi aghlabu zilikuja kinyume chake. Meli ya barua ikitoka Aden ilikuwa inateremka na pwani, inaiona Pemba kwanza, halafu Nungwi, ndipo inaingia mkondo wa Unguja. Chumbe ilikuwa ya wale wanaotoka kusini, Dar es Salaam na Msumbiji. Nitazisoma taa hizi kutoka ukurasa wa mwisho.

Jumapili, Chumbe

Boti ya Chumbe inaondokea Mbweni, kusini ya mji. Kaskazi imeanza kushika, lakini asubuhi bahari bado ilikuwa imelala. Nahodha wetu, kijana wa Kizimkazi, aliniuliza kama natapika. Nikamwambia mimi mtu wa Tanga. Akacheka: "Haya dada, tutaona." Kisiwa kipo kiasi cha kilomita 12 kusini-magharibi ya Mji Mkongwe, na mnara unaonekana mapema sana, mweupe juu ya msitu, kabla hujaweza kusema hapa ni ufukwe na hapa ni miti.

Waingereza waliujenga mwaka 1904, Zanzibar ikiwa chini ya himaya yao na Sultani akiwa kijana Ali bin Hamud. Sababu si ngumu kuikisia. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, miaka mitatu baadaye meli za barua za kampuni ya British India zikaanza kufika Zanzibar kwa ratiba, na mwaka 1879 waya wa telegrafu wa chini ya bahari ukatua hapa. Bandari iliyozoea majahazi ya msimu ikawa inapokea meli za chuma zisizongoja upepo wala mchana. Na njia ya kuingilia imejaa mafungu. Mwishoni mwa mwaka 1902 Great Northern, meli ya kutandaza hizo nyaya za telegrafu, ilipanda mwamba karibu na bandari ikafia hapo. Wapiga mbizi huenda kuyaangalia mabaki yake hadi leo.

Nahodha wa jahazi hakuwa na shida hiyo kwa kiwango kile. Kwanza alikuwa na alama zake: mnazi fulani ukikaa sawa na ncha ya kisiwa fulani, uko salama, ukitoka, geuza. Pili, giza likimkuta mahali pabaya alitia nanga akalala. Meli ya moshi yenye barua, abiria wa daraja la kwanza na wenye mali wanaohesabu masaa haikuweza kulala, na nahodha wake pengine alikuwa anakuja pwani hii kwa mara ya kwanza maishani.

Tukapanda. Ngazi ni zaidi ya 130, nyembamba, zinazunguka ndani ya ukuta mnene wa mawe na chokaa. Hewa ya ndani ni baridi na ina harufu ya chumvi. Ukitoka juu kwenye roshani upepo unakupiga ghafla, na hapo ndipo unaielewa kazi ya mnara kuliko kwa maelezo yoyote: upande wa magharibi mwamba wa matumbawe umejipanga na kisiwa kama ukingo wa sinia, maji ya kijani kisha, bila hodi, bluu nzito. Usiku huo mpaka hauonekani kabisa. Kaskazini Mji Mkongwe wote ulikuwa mstari mwembamba wa rangi ya maziwa.

Mwongozaji wetu alituonyesha chumba cha taa na kutuambia kwamba mwaka 1926 taa hii iligeuzwa kuwa ya gesi. Hilo ni jambo dogo likisemwa hivyo, lakini lilibadilisha maisha ya watu. Taa ya mafuta inataka mtu: kukata tambi, kufuta masizi, kujaza mafuta, kukesha. Gesi ya asetilini ilikuja na ujanja wa Msweden, Gustaf Dalén, aliyebuni kifaa cha kukatakata gesi ili taa imweke badala ya kuwaka mfululizo, na kingine kinachoitambua asubuhi. Hicho cha pili kina fimbo nyeusi inayofyonza mwanga. Jua likichomoza fimbo inapata moto, inatanuka, inafunga gesi. Jua likizama inapoa, inanywea, gesi inafunguka na taa inajiwasha. Dalén alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1912, mwaka ule ule aliopofuka kwa mlipuko katika majaribio yake. Mtu aliyewawashia mabaharia wa dunia taa akaishi gizani miaka yake iliyobaki.

Kwa hiyo mlinzi wa mnara hakulazimika tena kukesha. Lakini alikuwepo, na nyumba yake ipo chini, karibu na ufukwe. Ilikuwa gofu, sasa imejengwa upya na ndiyo kituo cha wageni, paa lake la makuti limekatwa kwa namna ya kulipokea upepo na kukinga mvua, kwa sababu Chumbe haina kisima wala chemchemi. Maji yote ya kisiwa ni ya mvua. Pembeni kuna msikiti wake. Huu ndio ulionikalisha chini muda mrefu kuliko mnara. Ni mdogo, wa mtindo wa Kihindi usiofanana na misikiti mingine ya Zanzibar, na ulijengwa kwa ajili ya mlinzi na watu wake. Nilijaribu kuwaza swala ya alfajiri humo: safu ya kwanza ndiyo safu ya mwisho, imamu pengine ndiye huyo huyo anayepanda baadaye kuikagua taa.

Mwamba wa Chumbe umebaki mzima kwa sababu ambazo hakuna mtu aliyezipanga kwa ajili ya matumbawe. Njia ya meli ilipita hapa, ufukwe wa ng'ambo ulikuwa wa jeshi, na wavuvi wakazuiwa. Mjerumani Sibylle Riedmiller alipokuja kutafuta mahali pa hifadhi alikuta bustani iliyojitunza yenyewe, na mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar ikautangaza mwamba huo kuwa hifadhi, ya kwanza ya bahari duniani kuendeshwa na watu binafsi. Wanahesabu zaidi ya aina 400 za samaki. Msituni kuna paa nunga, mnyama ambaye Unguja yenyewe amekuwa adimu. Watoto wa shule huletwa kujifunza kuogelea na kuyaona matumbawe. Wengi wao ni watoto wa wavuvi ambao hawajawahi kuangalia chini ya maji ambayo baba zao wanayapita kila siku.

Usiku tulitembea na tochi kuwatafuta kaa wakubwa wanaopanda minazi. Tuliwaona. Mmoja alikuwa na ukubwa wa kichwa cha mtu na hakuonyesha dalili ya kutuogopa, kwa hiyo tuliogopa sisi.

Jumatatu, Chumbe hadi mjini

Kabla ya kuondoka niliuliza jambo ambalo tangu jana nilikuwa nalizunguka. Tarehe 18 Julai 2012, mchana, meli ya abiria Skagit ikitoka Dar es Salaam ilizama karibu na hapa, kusi ikiwa kali. Mwongozaji alinyoosha mkono kuelekea upande wa kusini-magharibi akasema, "Kule," kisha akaendelea kufunga mizigo. Sikumwongezea swali.

Kurudi bahari ilikuwa imechafuka. Sikutapika, ila sikuongea.

Jumanne, Nungwi

Daladala ya Nungwi imejaa wafanyakazi wa mahoteli, ndoo, na gunia moja la viazi lililokaa mapajani mwangu kuanzia Mkwajuni. Mnara wa Ras Nungwi uko ncha kabisa ya kisiwa. Huwezi kuupanda kama ule wa Chumbe. Umefungwa, unauona kwa nje tu, na nilishauriwa mapema nisielekeze kamera. Mtu akija Nungwi kwa ajili ya mnara pekee atarudi na vumbi.

Lakini jina lake limetawala mtaa. Mnarani ndipo lilipo bwawa la kasa, kidimbwi cha asili ndani ya mwamba ambacho bahari inakijaza na kukipunguza kwa maji kupwa na kujaa. Wanakijiji walianzisha uhifadhi wao hapo mwaka 1993. Kasa wanaonaswa kwenye nyavu huletwa, hutunzwa, kisha hurudishwa baharini. Niliona kasa mkubwa mwenye gamba lililojaa mwani akiogelea katikati ya watalii na uso wa mtu anayengoja basi.

Kilichonipeleka hasa ni ufukweni upande wa pili, kwenye vyombo. Nungwi ndiko wanakojenga mashua na majahazi kwa macho: hakuna ramani, hakuna karatasi, fundi mkuu analaza mkuku, uti wa mgongo wa chombo, na chombo chote kiko kichwani mwake. Mataruma, mbavu za chombo, yanatafutwa porini yakiwa tayari na mpindo wake, kwa maana mbao iliyopindwa na mti wenyewe haivunjiki kama iliyopindwa na mtu. Matundu ya misumari bado nimeona yakitobolewa kwa keekee, upinde ukienda na kurudi, ingawa jenereta ilikuwa inanguruma hatua chache pembeni. Kisha kalafati: pamba iliyolowekwa mafuta inasindiliwa katikati ya mbao kwa patasi butu, tok, tok, tok, siku nzima. Sauti hiyo ndiyo saa ya Nungwi. Chini hupakwa deheni ili mdudu asile mbao.

Fundi mmoja mzee alikuwa kivulini chini ya tako la mashua, anasimamia kuliko kufanya.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Umetoka wapi?"

Nilipomwambia nimetoka Chumbe na naelekea Kigomasha kuangalia minara alinitazama kidogo kuona kama namfanyia mzaha. Zamani alikuwa baharia wa jahazi la boriti, wakitoka Rufiji na mikoko kuileta Unguja. Nikamuuliza waliitumiaje taa.

"Ile minara hawakutuwekea sisi," alisema. "Waliweka kwa ajili ya wageni. Sisi njia tunaijua."

Nikasema lakini usiku, babu, mkitoka kusini?

"Usiku ukiiona Chumbe unajua umefika, unaanza kufikiri utakula nini."

Hapo nikabishana naye kidogo moyoni, kwa sababu kitu kinachokuambia umefika si cha wageni tena. Lakini alikuwa na hoja yake na aliiendeleza. Jahazi kutoka Sur au Kuwait lilikuja na kaskazi, likauza tende na papa mkavu, likangoja kusi, likarudi na boriti. Nahodha alikuwa na dira, alikuwa na nyota, na zaidi alikuwa na majira. Aliisoma Kilimia, lile kundi la nyota, ili ajue msimu. Babu akaniuliza kama naujua msemo wake, na nilipousema, "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua," akaridhika kwamba nilipokuwa mdogo nilikuwa na watu wa kunifundisha. Kabla ya hayo majahazi kulikuwa na mitepe, vyombo vya kushonwa kwa kamba za usumba bila msumari hata mmoja, na tanga la mkeka. Kitabu cha Kigiriki cha karibu miaka 2,000 iliyopita, cha wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi, tayari kinavitaja vyombo vya kushonwa vya pwani hii. Vilikwenda vikarudi karne zote hizo na hakuna aliyevimulikia.

Kuhusu kushua chombo alinieleza kwa furaha zaidi kuliko habari za taa. Mbuzi anachinjwa, kijiji kizima kinashika kamba, mtu mmoja anaimbisha, wengine wanaitikia na kuvuta. Nikamuuliza mashua hii itashuliwa lini. "Mwenyewe akimaliza kulipa," akasema.

Jumatano, kuvuka kwenda Pemba

Boti ilijaa. Watu wa Pemba wanaorudi kwao hubeba vitu ambavyo Pemba vipo lakini vya mjini ni vizuri zaidi: magodoro, keki, feni, televisheni iliyofungwa kwa kanga mbili. Mama mmoja karibu yangu alianza kusoma dua kabla nanga haijang'oka, akaendelea hadi tulipoipita Nungwi, kisha akafungua kontena la wali akanikaribisha. Aliniita mwanangu ingawa sidhani ananizidi miaka 10.

Kwenye mkondo wa Nungwi boti ilianza kupanda na kushuka, na gumzo likapungua. Kila mtu ndani ya chombo kile anajua. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 Spice Islander I ilizama kwenye mkondo huu ikielekea Pemba, imebeba watu kupita kiasi kilichoruhusiwa, na mamia walikufa. Pemba ni kisiwa ambacho ni vigumu kumpata mtu ambaye hakumpoteza ndugu, jirani au mwalimu wa mtoto wake. Taa ya Nungwi iko jirani na pale. Mnara unamwonyesha nahodha mwamba uko wapi. Hauhesabu abiria bandarini, wala hauwezi kumwambia mtu shuka, nafasi imekwisha. Hili nimelifikiria sana tangu Chumbe. Karne nzima ya kujenga taa, na meli mbili zilizowaumiza zaidi watu wa visiwa hivi katika zama zetu zote zilizamia jirani ya minara, moja mchana kweupe.

Mama alinionyesha kwa kidevu mahali maji yalipogeuka rangi. "Hapa," akasema, akafunika kontena lake.

Mkoani tulishuka salama. Daladala hadi Chake, barabara inapanda na kushuka kati ya vilima na mikarafuu, na mwaka huu karafuu za mwisho zilikuwa bado zimeanikwa kwenye majamvi kando ya lami. Unguja ni tambarare. Ukifika Pemba ndipo unapojua Waarabu walikuwa na haki kuiita Kisiwa cha Kijani. Chake nililala mapema.

Alhamisi, Ras Kigomasha

Chake hadi Konde kwa daladala, Konde kwenda mbele kwa bodaboda. Kijana aliyenibeba alikuwa na heshima zote na mwendo mbaya. Njia inapita katikati ya Msitu wa Ngezi, na kwa dakika kadhaa jua linapotea: mivule mirefu, mizabibu ya mwitu, ubaridi wa pangoni. Humu wanaishi popo wa Pemba, wakubwa wenye uso wa mbweha, ambao kufikia mwisho wa miaka ya 1980 walikuwa wamewindwa hadi karibu kutoweka, kisha vijiji vikakubaliana kuwalinda na wakarudi kwa maelfu. Sikusimama. Tulitoka upande wa pili kwenye mwanga mkali, mashamba ya muhogo, ng'ombe wamefungwa kwenye minazi, na mbele mnara.

Huu ni wa chuma. Baada ya mawe manene ya Chumbe, nilishangaa jinsi unavyoonekana mwepesi, bomba jeupe lililosimamishwa juu ya rasi, kutu ikichungulia kila mahali rangi ilipobanduka. Waingereza waliuweka zaidi ya miaka 100 iliyopita. Fikiria kuuleta chuma chote hicho hadi hapa, mahali ambapo hadi leo bodaboda inalalamika.

Mwenye ufunguo alipatikana shambani. Mtu wa makamo, jembe begani, akatia sahihi kitabu cha wageni kwa niaba yangu kwanza, kisha akaona haipendezi akanipa kalamu. Ada yake ni ndogo. "Haya yakhe, panda taratibu, usishike hapo penye kutu," na akatangulia.

Ndani ya chuma kuna joto la tanuri, na kila hatua inaita. Ngazi zinazunguka zikibana kadiri unavyopanda mpaka mwisho unatoka kupitia mlango ambao lazima uinamie. Halafu unaona bahari pande tatu. Mashariki ni Vumawimbi, ufukwe uliopinda mweupe, jina lake linasema lenyewe hata leo ambapo upepo ulikuwa wa wastani. Magharibi ni Verani, na baada ya Verani mkondo wa Pemba, wenye vilindi vya mamia ya mita, unaoitenga Pemba na bara. Siku nyeupe, aliniambia, milima ya Usambara inaonekana. Leo palikuwa na ukungu upande wa kwetu.

Nilimuuliza kwa nini taa ikawekwa hapa hasa, nikitegemea anipe jibu la kila mtu kwamba ni ncha ya kisiwa. Akanionyesha maji. "Meli inatoka kule juu Mombasa, ina kilindi, haigusi chini, nahodha anajiona bwana. Sasa hapa kilindi kinakwisha kwa ghafla." Kwa kutumia makali ya mkono alikata hewa. "Hakuna dalili ya kwanza, hakuna ya pili. Ni kilindi, halafu ni mwamba." Nikakumbuka ule ukingo wa Chumbe. Kisha akaniambia wavuvi wa Makangale na Tondooni wanatazama mnara mchana kuliko usiku. Mchana ndio alama: mnara ukikaa juu ya miti fulani uko juu ya mwamba wenye changu, ukisogea kidogo unavua mchanga. Alama zenyewe hakunitajia, na sikutegemea. Hizo ni mali za watu.

Hapo nikampata wa kumjibu babu wa Nungwi. Waingereza walimwekea nahodha wa meli ya barua. Wavuvi wa Kigomasha wakauchukua wakauweka kwenye orodha yao pamoja na minazi na vichuguu, wanautumia saa ambazo taa yake haina kazi. Meli za barua zimekwisha. Nahodha wa meli kubwa leo ana setilaiti na kioo mezani, na huenda hageuzi hata shingo anapoipita rasi hii. Mwenye ngalawa bado anageuza.

Tulikaa juu muda mrefu. Alinisimulia kuwa watalii wanaotoka hoteli za Verani huja wakati wa magharibi kwa ajili ya picha, wanapanda mbio, wanashuka mbio. Kuna bibi mmoja wa Kizungu alikwama katikati ya ngazi kwa woga, ikabidi mtu mmoja aende mbele yake na mwingine nyuma, kama mzigo wa thamani. Aliisimulia bila dharau. Alisema na yeye mara ya kwanza alishuka kwa makalio.

Nilimuuliza taa ikiharibika anafanya nini. Anapiga simu bandarini. Na wakija? "Wakija wanatengeneza."

Ijumaa, Wete

Nilitaka kuiona bandari ya Wete kabla ya kurudi, kwa sababu ndiko vyombo vya mizigo vya Tanga hutia nanga, na kwa mtu wa Tanga hiyo ni kama kituo cha basi la kwao. Baada ya swala ya Ijumaa gati lilichangamka. Kulikuwa na jahazi moja la kizamani lenye mlingoti, ila na injini, limeshusha saruji nusu na nusu bado.

Nahodha wake, mtu wa Mkoani mwenye kofia ya kiua iliyofuliwa ikapigwa pasi, alinikubalia maswali akiwa amesimama. Abiria habebi, alitangulia kusema, kama nimekuja kwa hilo. Sikuja kwa hilo. Nilitaka kujua akitoka Tanga usiku anaifuata taa gani.

"Natoka na Ulenge mgongoni," alisema. "Ikinipotea, niko kilindini, naenda na dira. Simu ninayo pia, ina ramani, mwanangu kaniwekea." Akaitoa akanionyesha, kioo kimepasuka pembe. "Halafu nikiiona Kigomasha najua mkondo umenipeleka wapi. Kusi hunipeleka juu sana, naiona upande huu. Kaskazi hunirudisha, naiona upande ule, au siioni kabisa mpaka naikuta Pemba yenyewe."

Nikamuuliza kama simu haimwambii hayo.

"Inaniambia nilipo. Mkondo wa leo una nguvu gani, nautazama mwenyewe."

Nilikuwa bado na maswali, hasa la jinsi wazee wake walivyovuka kabla ya mnara kuwekwa, lakini mchukuzi mwenye mfuko wa saruji kichwani alikuwa amesimama nyuma yangu na ubao wa kupitia ni mmoja. Nahodha akaniomba nisogee. Nikasogea, mifuko ikaanza tena kupita.